Pua ya Kwamboka

Boti ilikuja Jumanne, juu ya trela,
Kariobangi Light, katikati ya wachomelea mageti
na yule jamaa wa kuchonga bushi.
Watoto wa shule wakasimama: meli! meli!
Maji yaliyo karibu ni mtaro wa nyuma,
na hata kiatu hakielei humo.

Mwenyewe, Bwana Mwangovya, alisema hivi:
"Inanuka petroli. Si kila saa.
Asubuhi hainuki. Jioni inanuka.
Abiria wangu kule Naivasha wameanza kuuliza."
Akaacha funguo, akaacha nusu ya pesa,
akaenda zake akijinusa mikono.

Pua yangu ilikufa mwaka ule wa barakoa.
Haijarudi. Chai ni maji ya moto,
mvua ya kwanza ni habari ninayosimuliwa.
Sikumwambia mtu. Fundi wa mafuta asiyenusa
ni kinyozi kipofu.
Kwamboka peke yake ndiye aliyegundua,
siku nilipokunywa maziwa yaliyochacha, nikashukuru.

Basi tukaingia kazini, watu wawili, pua moja.

Simu, nikasema, ziache ofisini.
Betri nikaifungua, waya hasi kwanza.
Nikamwomba Ochola asichomelee mpaka saa tisa;
akaguna; nikamnunulia chapati mbili.
Maana mvuke wa petroli si moshi.
Moshi una adabu: hupanda, huonekana,
jirani akapiga mayowe.
Huu ni mzito kuliko hewa. Hushuka,
ukalala chini ya sakafu ya boti
ukingoja cheche moja iuite jina.

Tukafungua vifuniko vyote, upepo ukapita.
"Sasa nusa. Mara tatu tu, kisha toka nje.
Pua ni mlinzi wa usiku, ukimkalisha sana anasinzia."
"Nje kuna mtaro."
"Basi nusa kiwiko chako."

Injini: hakuna. Pampu ya mkono nikaifinya,
ikawa ngumu kama ngumi, ikabaki ngumu.
Chujio nikalifunga tishu; tishu ikabaki nyeupe.
Maungio nikayapaka povu la sabuni ya kipande
kwa brashi ya kunyolea,
nikingoja kiputo kimoja kiseme.
Hakikusema. Saa saba. Ochola anachungulia.

Nikaanza kuwaza mabaya:
kwamba harufu yenyewe haipo,
kwamba Kwamboka ananihurumia tu
anaposema "hapa hakuna kitu".
Ndivyo ilivyo kuishi kwa pua ya mwenzio.

Kisha akauliza: "Kwa nini jioni?"

Nikaweka spana chini.
Jioni ndipo hujaza tangi, tayari kwa kesho.
Tangi letu hapa lilikuwa robo.

Tukaleta jerikani. Nikamimina polepole,
yeye amelala kifudifudi, kichwa nyuma ya kiti cha nahodha,
pale penye ubao ambao haujafunguliwa
tangu boti izaliwe.
"Hapa," akanong'ona, kana kwamba kitu kingeamka.

Mpira wa kujazia. Penye kona umepasuka
kama kisigino cha mwezi wa Julai.
Klipu imeliwa na kutu, inazunguka
kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda.
Na tone, moja, halafu jingine, bila sauti.
Usiku hukauka. Asubuhi huna ushahidi.

Tukaweka mpira mpya, klipu mbili kila upande.
Tukajaza tena, mpaka juu. Akanusa. Akatikisa kichwa.
"Inafanana na nini?" nikamuuliza, nimesahau.
Akafikiri. "Si mafuta ya taa ya duka la mama kule Keroka.
Ni tamu kidogo. Tamu ya kitu kisichokupenda."

Saa tisa na dakika mbili Ochola akawasha,
mwanga wa buluu ukaruka ukutani.
Trela ikaondoka Ijumaa.
Kwamboka bado ana ule mchezo wa kiwiko,
hata akila, hata akihesabu chenji.

Nami nikanusa changu, wakati haangalii.
Kimya.
Nikanusa tena.